Ziwa Ndani ya Siterne

Buyenzi, tarehe 10 Februari 2002

Kwa mudogo wangu Uthmani, huko Kigoma,

Asalaam aleikum. Kama unauliza juu yetu, tuko, tunakula, tunalala. Bunduki ikilia upande wa Carama tunageukia upande mwingine tunaendelea kulala. Mama mukubwa mguu umepona, sasa anatembea mpaka kwa majirani kuwasengenya mlango kwa mlango. Mutoto wangu Sumaya bado anafundisha ile shule yake. Mwezi wa pili huu hajaona mushahara, na chaki ananunua yeye mwenyewe, niambie kama hiyo si wazimu. Yule jirani wa mlango wa bluu ameoa tena. Wa tatu! Nyumba yenyewe vyumba viwili. Mi siulizi kitu, nilihesabu masufuria tu.

Sasa habari yenyewe. Unajua niko nauza chai na sambusa pale uwanja ya duwane, forodha, pale masiterne, yale malori ya tangi ya esansi, petroli yenu, inasimama kupimwa kabla ya kuvuka kwenda Uvira. Basi wameleta mupimaji mwanamuke! Jina yake Consolate, Mukristo wa Mutanga Nord, miaka thelathini na kitu, mwembamba kama mti wa ufagio. Tukasema huyu atakaa ku biro, ataandika. Yo! Siku ya kwanza tu amefunga kitenge juu ya pantalo, amepanda ngazi ya siterne mpaka juu, madereva wote midomo wazi. Radjabu, huyu huyu anakuletea barua, akamupigia kelele, "Madamu, utaanguka!" Naye huko juu akamujibu, "Nikianguka nitakuangukia wewe, sogea."

We ni dereva, unajua haya mambo, lakini acha nikueleze vile alinieleza mi, juu mi niliishia mwaka wa tatu wa shule ya musingi na nimeelewa yote. Esansi ya kubaki hapa Burundi, kila litre serikali inakata ushuru. Esansi ya kupita tu kwenda Kongo, apana ushuru, unaonyesha karatasi unavuka. Sasa kuna wajanja. Wanaandika "ya Kongo", kisha wanaimwaga hapa hapa kwa kujificha, wanaiuza, na siterne wanaijaza maji ya ziwa! Juu kabisa wanaweka esansi kidogo, na esansi inaelea. Zamani mupimaji anazamisha fimbo, anaona imejaa, ananusa, inanuka esansi, anapiga kashe, muhuri. Na gari inavuka imebebea watu wa Uvira ziwa, wakati wao wenyewe wako na ziwa mlangoni!

Consolate yeye ana ile kreyo, kalamu ya risasi ya zamani ya biro, ile ukiilamba ulimi unakuwa violet, zambarau. Anaipaka ku fimbo chini mpaka juu, anazamisha. Esansi haiifanyi kitu, inabaki rangi ya majivu. Maji inaigeuza violet. Wiki iliyopita fimbo moja ilitoka violet mpaka kiunoni. Mwenye gari akaja mbio na bahasha. Consolate hakupandisha hata sauti. "Iweke hapo ku fimbo," akasema, "tuone nayo itageuka rangi gani." Uthmani, nilicheka mpaka nikaunguza sambusa kumi.

Niandikie. Mkono umechoka, mdomo bado.

Dada yako Sijaona

*

Kigoma, 17 Machi 2002

Dada Sijaona,

Salaam. Mi muzima. Nimechelewa kujibu, gari ilikuwa gereji. Nimefurahi juu ya mguu wa mama mukubwa. Mwambie Sumaya avumilie.

Nina habari moja, usimwambie mutu. Patron, tajiri wangu, ameniahidi lori yake ya zamani. Nikimaliza safari tatu za Uvira inakuwa yangu, na karatasi zote. Mbili nilimaliza mwaka jana, imebaki moja. Miaka kumi na nne naendesha gari ya watu, dada.

Yule mwanamuke wa duwane anafanya kazi kila siku? Siku asipokuwepo anapima nani? Anapima masiterne yote ama anachagua? Nauliza tu.

Na wewe usizoeane sana na watu wa serikali. Chai unaweza kuuza hata sokoni.

Uthmani

*

Buyenzi, tarehe 2 Aprili 2002

Kwa mudogo wangu, leo nakuita bwana harusi,

Aleikum salaam, na furahi pamoja nami kwanza: Sumaya amelipwa! Miezi yote, kwa siku moja! Amenunua nyama, amemununulia mama mukubwa ushungi, na chaki, ile boksi mbili, juu mutoto wangu kichwa yake haiponi.

Siku hiyo nikamuuliza Consolate mbele ya watu, unanijua. "Huu ushuru wote unaokota huko juu ya magari, unaingia mufuko ya nani?" Akaweka kikombe chini. "Mama Sumaya, siwezi kukuapia juu ya mifuko yote. Hata risasi zinanunuliwa humo, tuko katika vita. Lakini kahawa iko milimani, na milima inawaka. Esansi ndiyo kitu serikali bado inaweza kukamata kwa mkono. Nikiacha siterne moja ipite, kuna mwalimu mahali anakosa mushahara. Jina yake siijui. Napima juu ya yeye." Mi nikamwambia, "Jina yake Sumaya." Tukacheka wote. Kisha nikaenda nyuma ya jiko, moshi ilikuwa mingi siku hiyo.

Na Jumanne iliyopita, weeh! Dereva mmoja anaapa kwa mama yake, kwa mama ya mama yake, ni esansi tupu. Fimbo violet. Bado anaapa. Consolate akasema wafungue robinet, koki ya chini. Maji yakatoka, na ndani ya maji ndagala mbili, dagaa wa ziwa, moja inatingisha mkia! Consolate akaiokota, akaiweka mbele ya yule dereva. "Na huyu? Pasipoti yake ya Kongo iko wapi?" Yule mutu akakaa chini mavumbini, akaanza kucheka yeye mwenyewe. Angefanya nini?

Sasa, maswali zako. Ooo, Uthmani! Siku gani yuko, siku gani hayuko, nani anakaa nafasi yake! Mi si mutoto. Mwanaume akianza kuuliza ratiba ya mwanamuke, mahari iko njiani. Tangu mke wako afariki, miaka mitano, sijasikia ukiuliza juu ya mwanamuke hata mmoja, hata yule wa Ujiji niliyekutafutia, mwenye duka. Sawa, ni Mukristo. Tutaongea, Mungu ni mukubwa. Bwana hana, nimeuliza. Anakula sambusa tatu bila kuona haya, huyo ni mwanamuke mwenye roho safi.

Yuko kila siku isipokuwa Alhamisi. Alhamisi anapima mzee Méthode, mutu muzuri sana, lakini magoti yamemukatalia, hapandi ngazi. Anagonga siterne na jiwe, anasikiliza, anasema, "Ego, ndiyo, imejaa." Kwa hiyo Alhamisi usije, utamukosa!

Kitu kimoja tu nakudai. Unasema safari mbili za Uvira ulimaliza mwaka jana. Barabara ya Uvira inapita Buja hapa kwetu, ama uliruka juu yetu na mabawa? Mbona hukuja kunisalimia?

Dada yako na mushenga wako, Sijaona

*

Kigoma, 12 Mei 2002

Dada,

Salaam. Barua yako imefika jana. Barabara ilifungwa, Radjabu amekaa njiani zaidi ya mwezi. Hongera kwa Sumaya.

Nakuja. Nitapita uwanjani Alhamisi tarehe 23. Siku hiyo kaa nyumbani, pumzika. Nitakupitia nikirudi. Huyo mwanamuke usimwambie kitu.

Mambo ya ndoa tutaongea siku nyingine. Nimempa Radjabu kitenge chako na sabuni.

Uthmani

*

Buyenzi, Jumatatu tarehe 20 Mei 2002

Uthmani,

Leo salaam ni fupi. Tuko wote wazima. Barua hii anaikimbiza Radjabu mpaka Rumonge, pale magari yanangoja wasoldati wa kuyasindikiza. Hajui iko na nini ndani, nimeifunga na uji.

Nilimwambia Consolate. Uliniambia nisimwambie, na mi nikamwambia, juu ndivyo niko. Jumamosi nikamwambia, "Mudogo wangu anakuja Alhamisi, ile siku hufanyi kazi, basi vaa vizuri upite hapa kunywa chai." Akacheka mpaka akakaa. "Aliuliza nini juu ya mi?" Nikatoa barua zako mufukoni nikamusomea. Siku gani hayuko. Anapima nani. Anapima yote ama anachagua.

Unajua, ukisoma kimya macho inaruka. Ukisoma kwa sauti masikio inakamata. Nilifika pale "kaa nyumbani, pumzika", nikakunja barua. Tangu lini we uliniambia nipumzike?

Consolate alinirudishia kikombe, akasema chai ilikuwa nzuri, akaenda. Baadaye mzee Méthode akaniambia Consolate ameomba kufanya kazi Alhamisi hii.

Sikumuomba afumbe macho. Ningeweza kumuomba, ananipenda. Niliogopa atakataa. Kisha niliogopa zaidi atakubali.

Mwaka wa sabini na mbili, wakati tunakimbia mauaji, nilikubeba mgongoni mpaka Uvira. Ulikuwa na miaka mitatu na hukulia hata mara moja. Watu walikuwa wananiuliza kama mutoto bado yuko hai. Kwa hiyo usinifundishe kukupenda, najua. Na najua lori hiyo unaitaka namna gani. Hata mi niliota nayo, nimekaa mbele, kilemba kikubwa, napungia watu wa Buyenzi mkono.

Alhamisi niko uwanjani. Ukija na esansi, sambusa ziko. Ukija na ziwa, mi mwenyewe nitamushikia Consolate ngazi ili isiteleze.

Sijaona

*

Kigoma, 9 Juni 2002

Dada yangu,

Asalaam aleikum, na salaam kwa mama mukubwa na Sumaya.

Barua yako Radjabu alinipa Rumonge Jumatano asubuhi. Sikuifungua, nilijua ni harusi tena. Niliiweka mbele ya usukani. Niliisoma saa nane mchana, kule ufukweni ambako tunamwagia. Mapipa yalikuwa yamepangwa, bomba liko ndani ya ziwa, pampu inanguruma, wale wapakuaji wananingoja nifungue robinet. Nilisoma mara moja. Nikawaambia wakunje bomba. Wakanitukana kwa lugha nne. Mmoja akasema, "Patron atakukata." Nikamwambia anikate, lakini bomba likunjwe.

Yaliyobaki uliyaona. Consolate alipima vyumba vyote vitatu vya siterne, nikapanda ngazi nikamwomba apime tena. Sijui kwa nini niliomba. Nilitaka kuiona ile kreyo ya majivu mara ya pili. Na wewe ulikuwa umeshika ngazi, dada. Esansi ilikuwa esansi, na bado ulikuwa umeshika ngazi.

Uvira, yule aliyeandikwa kwenye karatasi kuwa mpokeaji alishangaa kuliko wote. Hajawahi kuona esansi yake ikifika. Alikuwa hana hata pipa.

Patron alichukua funguo siku niliyorudi. Ile lori aliyoniahidi haitakuwa yangu. Sasa napakia magunia bandarini hapa Kigoma. Mgongo unauma, nakula.

Kuna kitu sikukuambia Alhamisi, kwa sababu ulikuwa unacheka sana na unanilisha. Zile safari mbili za mwaka jana nilibeba ziwa. Zote mbili. Nilipita uwanjani siku ya Ijumaa, saa ya swala, nikijua uko msikitini. Ndiyo maana sikuja kukusalimia. Ningekutazama namna gani?

Ukitaka mwambie Consolate. Mimi sina uso wa kumwambia.

Uthmani

*

Buyenzi, tarehe 20 Juni 2002

Mudogo wangu,

Aleikum salaam. Nyumbani hakuna habari, na kama iko sitaki kuiandika leo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nikakasirika, nikapika, nikakasirika tena. Kisha nikaenda nayo uwanjani, na siku nzima mdomo uliniwasha. Sikumwambia. Hiyo neno si yangu, Uthmani. Ya jirani naweza kubeba, ya mama mukubwa naweza kubeba, hata ya Radjabu na yule mjane wa Kinanira, niliibeba Buyenzi nzima. Hii ni ya kwako, na inataka miguu yako.

Lakini niliuliza kwa kuzunguka. Nikamwambia, "Consolate, kama kuna mutu, simujui mi, sijui hata kama ni dereva, kama alibeba maji zamani na anataka kuja mwenyewe kusema, mutamufunga?" Alikuwa anachonga kreyo yake na wembe. Hakuinua kichwa. Akasema mutu anayekuja na miguu yake, akionyesha mahali pa kumwagia na jina la anayemutuma, anaandikwa kama shahidi. Tena, akasema, hawezi kuahidi kila kitu, yeye si mahakama, lakini ataingia naye mwenyewe kwa sefu, mukubwa wake wa kazi, na atakaa pale mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo mutu anakula vizuri?" Nikasema anapakia magunia. Akasema, "Basi aje ameshiba."

Hakuuliza ni nani. Angalia heshima hiyo! Mi ningeuliza mpaka jina la bibi yake.

Kitanda kiko. Sumaya anasema utalala chumba chake, yeye atalala na mi. Njoo.

Sijaona

*

Buyenzi, tarehe 15 Septemba 2002

Kwa Uthmani wangu,

Asalaam aleikum. Barua yako ya mwezi wa nane imefika, na mihogo, na nimefurahi yule tajiri wa Ujiji amekupa gari yake ya samaki. Ndogo, sawa. Ina magurudumu manne? Basi. Mama mukubwa anasema harufu ya samaki itakuletea mke mbio, sijui aliona wapi. Jirani wa mlango wa bluu, mke wa tatu ameondoka na masufuria yote. Nilikuwa nayo hesabu, wamekuja kuniuliza mi.

Tangu siku ile ya mwezi wa saba ulipoingia kwa sefu na Consolate, mukakaa masaa mawili na mi nikamwaga jasho huku nje kama mutu anayezaa, mambo mengi yamepita. Walienda kule ufukweni na magari matatu. Walikuta mapipa, walikuta pampu, walikuta hata daftari, imeandikwa tarehe zote, hata zako. Patron wako amekamatwa akitaka kupanda mashua. Ushuru wa mwaka mzima ameambiwa ataulipa, wa magari yote, si wa safari zako mbili tu. Sumaya anasema mwezi wa nane mushahara ulitoka tarehe ishirini na saba, kabla mwezi haujaisha, na mkurugenzi wao aliwalipa akiwa anashangaa. Labda si juu yako. Mi nasema ni juu yako.

Nilimuuliza Consolate kama jina lako limo ku raporo, ripoti yao. Akasema apana. Imeandikwa "dereva mmoja" tu, juu patron bado ana watu wake nje, na barabara si salama. Nikamwambia, "Hata jina moja tu? Hata ya baba?" Akanishika mkono. Mkono wake unanuka esansi mpaka kwenye kiwiko, haitoki tena hata kwa sabuni. Akasema, "Mama Sumaya, nimepima magari mia na zaidi. Wote wanaapa wakiwa chini. Huyu ndiye wa kwanza aliyepanda mwenyewe ngazi akasimama karibu na mi, akaangalia ndani." Kisha akaenda kupima.

Sasa sikia vile madereva wanaongea hapa kwangu kila asubuhi. Wote wanamusifu huyo dereva. Radjabu anaapa alikuwa Mukongomani, mrefu, na kovu usoni. Mwingine anasema ni mutoto wa mchungaji wa kule Carama, aliota ndoto. Jana walitaka kupigana juu ya gari yake ilikuwa ya bluu ama ya kijani. Mzee Méthode akasema, "Mutu kama yule, mama yake alimulisha nini?" Wakageuka wote wakaniangalia, juu wanajua mi najua kila kitu katika mji huu.

"Mama Sumaya, we unamujua?"

Nikawaambia simujui. Uthmani, nilisema simujui! Ulimi ulitaka kunisaliti, nikaumeza. Kisha nikashika birika nikawamiminia chai, wote, bila kuwalipisha, na kikombe cha Méthode nilikijaza mpaka chai ikamufikia kwenye viatu.

Dada yako, ambaye hajasema,

Sijaona